SOMO: Kuunganisha Kompyuta na Televisheni ya Kikundi



Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina televisheni bapa. Vingine vilinunua kwa michango ya wanachama, vingine vilipewa na mtoto wa kijiji anayefanya kazi mjini. Katika vikundi hivyo hivyo utakuta kompyuta ya mtumba, ambayo katibu huitumia kuandika barua na hesabu. Lakini vitu hivi viwili havijuani. Televisheni inangoja taarifa ya habari ya jioni, na kompyuta imefunikwa kitambaa kwenye meza ya pembeni. Siku ya mkutano mweka hazina akitaka kuonyesha hesabu, watu wanane wa mbele wanainama juu ya kioo kidogo, na wale kumi na sita wa nyuma wanaambiwa tu, "Ziko sawa."

Hapo ndipo maneno huanza. Mwanachama ambaye hajaziona hesabu kwa macho yake hawezi kusema zimekosewa, wala hawezi kusema ni za kweli. Anakwenda nyumbani na shaka yake. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa shaka ya namna hiyo hata kama hakuna shilingi moja iliyopotea.

Kwa hiyo katika somo hili tutajifunza namna ya kuunganisha kompyuta na televisheni ya HD, ili kile kilicho kwenye kompyuta kionekane na kila mtu chumbani. Kazi yenyewe si ngumu. Inataka macho kwanza, halafu mikono. Pesa nyingi za vikundi hupotea kwa sababu watu hununua waya kabla ya kutazama.

HD NI KITU GANI?

Picha ya televisheni imetengenezwa kwa vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, kama ushanga kwenye mkufu. Zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, zilizotumia matangazo ya analogi kabla Kenya haijayazima mwaka 2015, zilikuwa na mistari 576 ya picha. Tukiupa kila mstari vitone 720, tunapata vitone 414,720 kwa jumla. Televisheni iliyoandikwa Full HD ina mistari 1,080 na kila mstari una vitone 1,920. Zidisheni wenyewe: ni vitone 2,073,600, yaani mara tano kamili. Ndiyo sababu herufi za kompyuta zilionekana kama zimefunikwa na ukungu kwenye televisheni ya zamani, na leo zinasomeka vizuri.

Televisheni nyingi za inchi 32 zimeandikwa HD Ready. Hizi mara nyingi zina vitone 1,366 kwa 768. Zinatosha kwa hesabu na kwa mafunzo ya video. Halafu kuna zile za 4K, zenye 3,840 kwa 2,160. Kwa maoni yetu kikundi kisivutwe na 4K. Mtu aliyekaa mita tano kutoka kwenye kioo haoni tofauti kubwa, lakini inchi zikiongezeka anaiona mara moja. Pesa ikibaki, nunueni ukubwa. Na mkumbuke kwamba inchi hupimwa kutoka kona moja kwenda kona ya pili inayoikabili, si kwa upana.

TAZAMENI MIGONGO KWANZA

Kabla ya mtu yeyote kupanda matatu kwenda mjini, geuzeni kompyuta na televisheni, mwangaze kwa tochi, na mchore kila tundu kwenye karatasi. Hata kama huwezi kuchora vizuri, chora. Kama una simu yenye kamera, piga picha. Karatasi hiyo au picha hiyo ndiyo itakwenda dukani.

Tundu la HDMI ni jembamba, upana wake unakaribia ule wa kidole gumba, na pembe zake mbili za chini zimepunguzwa. Ndani lina vipande 19 vya chuma. Aina hii ilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002, na sasa karibu kila televisheni bapa inalo, mara nyingi mawili au matatu. Uzuri wake ni kwamba waya mmoja hubeba picha na sauti pamoja.

Tundu la VGA ni la zamani zaidi. Kampuni ya IBM ililitoa mwaka 1987. Lina vishimo 15 katika safu tatu, rangi yake mara nyingi ni ya buluu, na pembeni kuna mahali pa kufungia skrubu mbili. Hili hubeba picha tu. Sauti lazima ipite kwa waya mwingine, ule mwembamba wa spika.

DVI ni tundu pana, kwa kawaida jeupe, lenye vishimo vingi na ufa mmoja mrefu pembeni. Picha yake ya dijitali ni ya namna moja na ile ya HDMI, kwa hiyo waya rahisi wenye kichwa cha DVI huku na cha HDMI kule unatosha. Lakini msitegemee sauti itapita.

Sasa njooni kwenye lile ambalo huwapotosha wengi, DisplayPort. Mtu akiliangalia haraka husema ni HDMI, kwa maana ukubwa unafanana. Tazama pembe. HDMI imepunguzwa pembe mbili, DisplayPort pembe moja tu. Ukilazimisha waya wa HDMI kuingia humo utavunja kitu.

Kompyuta za mtumba zinazouzwa kwetu nyingi zilitoka ofisi za Ulaya, na ofisi hizo hazikuwa na haja ya televisheni. Basi nyuma yake utakuta VGA moja na DisplayPort moja au mbili, bila HDMI. Mwenye kompyuta anaona lile tundu la buluu analolijua, anasema, "Hii ni ya VGA," anakwenda kununua adapta ya VGA ya bei kubwa, na kumbe DisplayPort iliyo kando yake ingetoa picha safi zaidi pamoja na sauti kwa adapta ndogo ya bei nafuu. Hili tunalisema kwa mkazo kwa sababu kama kikundi chenu kina kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, kuna uwezekano mkubwa ndivyo ilivyo.

Laptop za siku hizi nyingine zina tundu dogo la mviringo la USB-C. Baadhi ya matundu hayo hutoa picha na mengine hayatoi, na kwa nje yanafanana kabisa. Hapa hakuna ujanja. Beba laptop yenyewe dukani, wakuonyeshe ikifanya kazi, ndipo ulipe.

ADAPTA HAIRUDI NYUMA

Maji ya mfereji wa shamba hayapandi mlima, nayo picha haipiti adapta kwa njia zote mbili. Adapta ya kutoa picha kwenye DisplayPort ya kompyuta na kuipeleka kwenye HDMI ya televisheni haiwezi kufanya kinyume chake. Vivyo hivyo kuna adapta ya VGA kwenda HDMI na kuna ya HDMI kwenda VGA. Ukiziweka mezani zinaweza kufanana kama mapacha, lakini ndani ni vitu tofauti. Ya kwanza inapokea picha ya analogi na kuigeuza kuwa ya dijitali. Ya pili inafanya kinyume.

Mama akifika dukani na kuuliza kama ile adapta ni ya kutoa kwenye kompyuta kupeleka kwenye TV, anaweza kujibiwa, "Zote ni moja, mama, chukua tu." Si moja. Sema hivi: "Nataka ya kutoa picha kwenye VGA ya kompyuta, kuingiza kwenye HDMI ya televisheni." Kisha soma maandishi ya paketi. Ile sahihi ya VGA kwenda HDMI kwa kawaida huwa na mkia mdogo wa USB wa kuipa stima, na mahali pa kuchomeka waya wa sauti. Kama haina mkia wala mahali pa sauti, uliza mara ya pili.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 24 kina kompyuta ya mezani yenye VGA na DisplayPort, na televisheni ya inchi 43 yenye HDMI mbili. Kinahitaji adapta moja ya DisplayPort kwenda HDMI na waya mmoja wa HDMI. Basi. Kikundi cha jirani kina kompyuta yenye VGA tu, na televisheni bapa ya miaka iliyopita ambayo nyuma yake kuna tundu la buluu lililoandikwa PC. Hawa hawahitaji adapta yoyote. Wanahitaji waya wa VGA na waya mwembamba wa sauti. Mkiona televisheni yenu ina VGA, mshukuru, kwa maana nyingi za sasa hazina.

Na ule waya wa HDMI uliopakwa dhahabu, ambao mwenye duka anasema unatoa picha kali zaidi? Picha ya HDMI inasafiri kwa tarakimu. Tarakimu zikifika, picha ni ile ile kwa waya wa bei ya chini na wa bei ya juu. Zisipofika utaona nyota zikimetameta, au kioo kinazimika na kuwaka. Hakuna hali ya katikati ambayo dhahabu inaipendezesha. Chungeni urefu badala yake. Waya wa mita mbili au tatu haukupi taabu. Ukipita mita tano, hasa kwa picha ya 4K, matatizo huanza.

STIMA: JAMBO LA KUFANYA KABLA YA KUCHOMEKA

Hapa tunaomba msomaji asiruke.

Je, umewahi kugusa bati la kompyuta ya mezani ukasikia mkono unawashwa kama umepitiwa na siafu? Watu hucheka na kusema, "Hiyo ni stima kidogo tu." Sababu yake ni hii. Ndani ya kile kisanduku kinachogawa stima kwenye kompyuta kuna vifaa vidogo vya kuchuja, na vifaa hivyo huunganisha njia ya stima na bati. Katika nyumba yenye waya wa ardhi, ule mafundi huuita athi, stima hiyo ndogo huteremka ardhini bila mtu kujua. Nyumba ikikosa athi, au mtu akichomeka plagi yenye pini tatu kwenye kitu cha pini mbili, stima hiyo haina pa kwenda. Bati hubaki na kama nusu ya volti 240, yaani karibu volti 120. Nguvu yake ni ndogo, lakini televisheni nyingi zina plagi isiyo na athi, na siku utakapochomeka waya wa HDMI stima hiyo hutafuta njia kupitia kwenye ule waya. Tundu la HDMI la televisheni huweza kuungua kwa sekunde moja. Mtu akigusa bati huku ameegemea ukuta wenye maji, naye yuko hatarini.

Kwa hiyo kwanza muiteni fundi wa stima mwenye kibali apime kama soketi ya ukumbi wenu ina athi ya kweli. Pini ya tatu kuonekana ukutani si ushahidi, kwa maana mara nyingine nyuma yake hakuna waya wowote. Gharama ya kupigilia chuma cha athi ardhini ni ndogo ukiilinganisha na televisheni mpya, na huwezi kuilinganisha na maisha ya mtu.

Pili, fuateni mpango huu kila mara. Zimeni vyombo vyote viwili na mchomoe plagi zake ukutani. Unganisheni waya wa HDMI vyombo vikiwa vimekufa kabisa. Kisha chomekeni plagi zote mbili kwenye ekstensheni moja, ndipo mwashe. Siku ya kutenganisha, anzeni na plagi za ukutani, waya wa HDMI uwe wa mwisho. Wako watakaosema huo ni woga, kwa sababu wao huchomeka vyombo vikiwaka na hawajaona ubaya. Mwenye athi nzuri anaweza kusema hivyo.

Radi nayo isisahauliwe. Wasomaji wetu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kufundishwa habari za radi. Ngurumo ikisikika, ng'oeni plagi zote pamoja na waya wa antena au wa dishi, kwa maana nao huleta moto ndani. Na kile kisanduku cha kulinda TV, kinachochelewesha stima inaporudi baada ya kupotea, kitumiwe kwa vyombo vyote viwili. Lakini hakizuii radi.

KUWASHA NA KUPATA PICHA

Washa televisheni kwanza. Chukua rimoti, bonyeza kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, na uchague HDMI yenye namba ile ile iliyoandikwa kando ya tundu ulilotumia. Kisha washa kompyuta. Mara nyingi picha huja yenyewe.

Isipokuja, kama kompyuta inatumia Windows, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha na ubonyeze herufi P. Yatatokea machaguo manne. Moja linaacha picha kwenye kompyuta peke yake, la pili linaonyesha kitu kimoja pande zote mbili na limeandikwa Duplicate, la tatu linaifanya televisheni kuwa kama meza ya ziada, na la nne linapeleka picha kwenye televisheni peke yake. Laptop za zamani zilikuwa na kitufe cha Fn pamoja na kimoja cha vile vya juu chenye mchoro wa kioo.

Bado hakuna kitu? Kwa kompyuta ya mezani tazama tena mgongo. Nyingine zimeongezewa kadi ya picha, na hapo unakuta matundu ya picha mahali pawili: juu, pamoja na ya kibodi, na chini, yakiwa yamelala. Kadi ikiwapo, matundu ya juu huwa yamezimwa mara nyingi. Hamisha waya uchomeke chini. Jambo dogo hili limewapeleka watu wengi kwa fundi bure.

Picha ikija lakini kingo zimekatwa, hata huoni mstari wa chini wenye saa, usihangaike na kompyuta. Ni televisheni. Tangu siku za zamani televisheni hukuza picha kidogo ili kuficha kingo mbaya za matangazo, na tabia hiyo imebaki. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, mahali pa ukubwa wa picha, utafute maneno kama Just Scan, Screen Fit au 1:1. Majina hutofautiana kwa kila kampuni. Televisheni nyingine zinakubali ulipe lile tundu jina la PC, na papo hapo kingo zinarudi na herufi zinakuwa kali zaidi.

Herufi zikiwa na ukungu, nenda kwenye mipangilio ya kioo ya kompyuta uchague vitone 1,920 kwa 1,080 kama televisheni ni Full HD. Fahamu kwamba ukitumia lile chaguo la pande zote mbili, kompyuta na televisheni hukubaliana kwa vitone vya yule mdogo. Laptop yenye 1,366 kwa 768 itaipa televisheni kubwa picha hiyo hiyo ndogo ikiwa imekuzwa. Kwa filamu tumia televisheni peke yake. Na kama mmepewa televisheni ya 4K na kishale kinatembea kwa kurukaruka kama panzi, kompyuta yenu ni ya HDMI ya zamani ambayo kwa 4K hutoa picha 30 tu kwa sekunde. Rudisheni kwenye 1,920 kwa 1,080, mtapata picha 60, na kishale kitateleza.

Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bonyeza alama ya spika iliyo chini kulia na uchague jina la televisheni au lile lenye HDMI. Windows haifanyi hivyo yenyewe kila mara.

KWA WENYE SOLA

Betri ya asidi ya volti 12 yenye namba 100Ah ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya kuzidisha. Lakini betri ya namna hiyo ikinywewa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema, kwa hiyo hesabuni 600 tu. Televisheni ya LED ya inchi 32 yenye kibandiko cha wati 40, pamoja na laptop ya wati 45, ni wati 85. Inveta nayo inakula yake, tuseme jumla wati 100. Gawanyeni: ni saa 6. Mkitumia kompyuta kubwa ya mezani badala ya laptop, hamtafika saa 4. Betri za lithiamu hukubali kutumiwa zaidi ya nusu, ila bei yake iko juu.

Kwa wenye sola tunapendelea laptop, au ile kompyuta ndogo sana iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Inatoshea kiganjani, ina tundu lake la HDMI, na hutumia wati chache. Modeli ya 4, iliyotolewa mwaka 2019, ina matundu ya HDMI yaliyo madogo kuliko ya kawaida, kwa hiyo waya wake ni wa pekee. Ulizeni.

MAMBO YA KUTAZAMA

Katika nchi tajiri watu wengi waliweka kompyuta sebuleni kando ya televisheni kwa ajili ya filamu na muziki tu. Programu waliyoipenda sana ilianza kwa jina la XBMC, na mwaka 2014 ikaitwa Kodi. Jina linatisha kwa Mswahili, lakini hii kodi hailipiwi, ni ya bure. Inapanga video zote zilizo kwenye kompyuta kwa orodha ya herufi kubwa ambazo mtu aliyeketi mbali anaweza kusoma. VLC nayo ni ya bure na ni rahisi zaidi. Kwa kikundi kinachoanza, VLC inatosha.

Si lazima muwe na intaneti ukumbini. Mmoja wenu anaweza kwenda mjini na flashi, akapakua video za kilimo za Access Agriculture, ambazo nyingine zina maelezo kwa Kiswahili, au programu ya Kiwix ambayo inaweza kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili na kuisoma bila mtandao. Mafunzo ya video yana faida moja kubwa kuliko redio: mnaweza kusimamisha. Mkiona jinsi mbegu inavyopandwa, simamisheni picha hapo hapo, mzee aliye nyuma aulize, mjibiane, ndipo muendelee. Kikundi kinachotazama bila kusimamisha kimekwenda sinema.

Kwa habari ya sinema, vijana watapendekeza muonyeshe filamu kwa kiingilio ili mpate pesa. Si wazo baya, lakini kuonyesha filamu kwa watu wengi kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na Bodi ya Kuainisha Filamu ndiyo inayotoa vibali. Haki za mwenye filamu nazo ni jambo la pili, mbali na kibali hicho. Ulizeni kwanza. Tena filamu za kulipia zina kufuli ndani yake, na adapta isiyoelewa kufuli hiyo itatoa kioo cheusi ingawa hesabu na picha nyingine zinaonekana vizuri. Adapta haijaharibika.

SIKU YA HESABU

Sasa turudi kwa mweka hazina na wale kumi na sita wa nyuma.

Kwenye karatasi ya daktari wa macho, herufi ambazo jicho zima husoma kwa umbali wa mita 6 zina kimo cha kama milimita 9. Lakini hayo ni macho ya kijana, tena anakaza. Katika kikundi chenye wazee pangeni sentimita 2 hadi 3. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha kama sentimita 40, kwa hiyo kinatosha mistari 10 au 12, si zaidi. Kipimeni kwa rula siku ya majaribio. Mkiweka mistari 40 ili ukurasa mzima uonekane, mmerudi pale pale pa kuambiwa "ziko sawa," ila sasa ni kwa televisheni.

Andikeni hesabu katika LibreOffice, ambayo ni ya bure, na mkuze herufi: shikilia kitufe cha Ctrl huku ukizungusha gurudumu la panya. Onyesheni sehemu kwa sehemu. Anza na salio la mwezi uliopita, michango iliyoingia, mikopo iliyotoka, iliyorudishwa, kisha salio jipya. Kila mstari usomwe kwa sauti, kwa sababu wako wasiosoma, nao ni wanachama kamili. Mtu mmoja asiye wa kamati ashike daftari la karatasi na alinganishe.

Na hapa tumieni lile chaguo la pande zote mbili, Duplicate, hata kama picha itapungua ukali. Chaguo la meza ya ziada linamwezesha katibu kuwa na karatasi moja mbele yake na kuwaonyesha wengine nyingine. Labda katibu wenu ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo ni vizuri kwake pia kwamba anachokiona yeye ndicho wanachokiona wote. Afunge kwanza mambo yake mwenyewe, barua na ujumbe wa simu, usije ukaruka ujumbe wa nyumbani kwake mbele ya kikundi.

Wanachama wakikubaliana kwamba kuna kosa, lirekebishwe pale pale kila mtu akiona namba ikibadilika, na katibu aandike kwenye kumbukumbu ni namba gani ilikuwa na imekuwa ngapi. Hifadhini nakala kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mwenyekiti.

Mkishapata picha nzuri, andikeni kwenye karatasi mambo yote mliyochagua: ni HDMI namba ngapi, vitone vingapi, jina la ile mipangilio ya kingo, na sauti ilichaguliwa wapi. Bandikeni karatasi hiyo nyuma ya televisheni, kwa kuwa mtoto atakuja kubonyeza rimoti, na aliyeunganisha huenda siku hiyo ameenda sokoni.